Mikono Ikilegea, Mwiko Usiondoke: Kuchagua Vyombo vya Jikoni kwa Mtu Asiye na Nguvu za Mikono

Katika nyumba nyingi za Bujumbura siku haijaanza mpaka jiko la makaa, lile ambalo wenyeji huliita mbabura, liwashwe. Makaa yakikolea, maji huinjikwa, chai hupikwa, watoto hunywa na kwenda shule, naye baba aliye askari huvaa sare yake akashika njia ya zamu. Kazi hiyo yote hupita katika mikono miwili ya mtu mmoja. Mikono hiyo ikiwa mizima, hakuna anayeifikiria. Ikianza kulegea nyumba nzima huona, ingawa aghalabu mwenye mikono ndiye wa mwisho kukiri.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mke wa askari mstaafu. Kwa muda wa miezi mingi alificha maumivu ya vidole. Binti yake alipomwuliza kwa nini ugali wa siku hizi umekuwa mwepesi kama uji, alijibu kwamba unga wa muhogo ni mbaya. Alipoulizwa kwa nini chai haina tena sukari ya kutosha, alisema bei imepanda. Kumbe kifuniko cha kopo la sukari kilikuwa kimemshinda kufungua. Jioni moja sufuria ya maharage ilimponyoka. Mchuzi ukazima makaa, mvuke ukajaa jikoni, na mjukuu aliyekuwa amechuchumaa karibu alinusurika kwa hatua moja tu.

"Mama, mikono inakuuma tangu lini?" aliuliza binti.

"Tangu mfungo uliopita, mwanangu."

Usiku ule familia ilikaa kikao. Binti alishauri mama aache kabisa kupika. Mama alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mkininyang'anya mwiko, mmeniondoa nyumbani mwangu ningali hai." Ndipo mzee, ambaye kwa desturi haongei sana, alipotoa neno: "Jeshini tulifundishwa kwamba mzigo ukimwelemea askari, kwanza tazama jinsi ulivyofungwa."

Neno la mzee huyo lafaa kuwa mwongozo wa jambo zima. Kabla ya kusema kwamba mtu hawezi tena kupika, yapasa kutazama vyombo alivyopewa. Sufuria, kisu na mwiko vingi vilivyomo jikoni vimetengenezwa kwa ajili ya mkono wenye nguvu, nao mkono dhaifu hulaumiwa kwa kosa la chombo.

NI NANI WENYE MIKONO DHAIFU?

Watu hawa si wachache wala si wazee peke yao. Wako wenye baridi yabisi, ambao viungo vya vidole huvimba na kukakamaa, hasa asubuhi. Wako ambao viungo vyao vimechakaa kwa umri na kwa kazi za miaka mingi. Wako waliopatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukapooza. Wako waliougua ukoma, ugonjwa ambao huponywa kwa dawa lakini ambao ukichelewa kutibiwa huweza kuharibu mishipa ya fahamu na kuacha vidole vimekunjika.

Katika nyumba za askari na polisi kuna sababu nyingine tena. Vita vilivyoanza nchini Burundi mwaka 1993 viliacha majeruhi wengi, raia na wapiganaji, hata baada ya Mapatano ya Arusha kutiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Tangu Desemba 2007 askari wa Burundi walipelekwa Mogadishu katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika, na si wote waliorudi na viungo vyao vyote vikiwa salama. Mwanamume aliyepigwa risasi ya kigasha naye anahitaji kujipikia chai, kumenya ndizi na kufungua chupa ya maji. Hivyo basi, habari hii si ya akina mama pekee.

Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Mkataba huo unataja haki ya mtu kuishi kwa kujitegemea miongoni mwa wenzake. Kujitegemea huko, kwa mtu wa kawaida, huanzia jikoni.

MKONO UNAVYOFANYA KAZI

Misuli mingi inayokunja vidole haimo katika vidole vyenyewe, bali imo katika kigasha, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu mithili ya kamba. Mkono hushika kwa nguvu zaidi unapokuwa umefumbwa nusu, si unapofumbwa kabisa. Kwa sababu hiyo mpini mwembamba kama kalamu humchosha mtu upesi: vidole hulazimika kujikunja mpaka mwisho, na kila kiungo kidogo hubeba mzigo. Mpini wenye unene wa sentimita 3 hadi 4 huujaza mkono, na mzigo huenea katika kiganja kizima.

Askari analijua jambo hili bila ya kusoma kitabu. Jembe lenye mpini mzuri hulima siku nzima, na jembe lile lile likitiwa mpini mwembamba hutoa malengelenge kabla ya saa 4 asubuhi.

Mafundi wa nchi nyingine waliligundua jambo hilo hilo. Huko Sweden, katika miaka ya 1970, wabunifu wawili, Maria Benktzon na Sven-Eric Juhlin, walichunguza jinsi watu wenye mikono dhaifu wanavyoshika vitu, wakatengeneza kisu cha mkate chenye mpini uliosimama kama ule wa msumeno wa seremala. Kifundo cha mkono hubaki kimenyooka, na bega ndilo linalofanya kazi. Huko Marekani mtu mmoja aitwaye Sam Farber alimwona mkewe Betsey, aliyekuwa na ugonjwa wa viungo, akisumbuka na kifaa cha kumenyea. Mwaka 1990 vyombo vyenye mipini minene ya mpira laini vilianza kuuzwa kwa jina la OXO Good Grips. Wazo la mpini huo lilihusiana na mpira wa usukani wa baiskeli. Vyombo hivyo vilinunuliwa hata na watu wenye mikono mizima, kwani kilicho chepesi kwa mgonjwa ni chepesi kwa kila mtu.

Si lazima mtu wa Bujumbura aagize chombo kutoka ng'ambo. Baiskeli zipo, mipira ipo, na mafundi wapo.

KANUNI NNE ZA KUCHAGUA

Kanuni ya kwanza ni mpini mnene usioteleza. Mpini wa mbao iliyopigwa msasa, au uliofungwa mpira, ni bora kuliko wa chuma kitupu au plastiki inayong'aa. Chombo kijaribiwe mkono ukiwa umelowa, kwa maana jikoni mikono haikauki.

Kanuni ya pili ni uzito mdogo. Kwa ujazo ule ule, chuma kina uzito wa karibu mara 3 ya alumini. Sufuria ya alumini humfaa anayepaswa kuinua. Lakini isiwe nyembamba mno, kwani sufuria nyembamba hupindika, huunguza chakula, na huzunguka ovyo mtu anaposonga ugali. Isisahauliwe pia kwamba lita moja ya maji ni kilo 1. Sufuria ya lita 10 ikijaa ni zaidi ya kilo 10, hata ikiwa yenyewe ni nyepesi kama unyoya.

Kanuni ya tatu ni masikio mawili badala ya mkono mmoja. Kikaango au sufuria yenye mkono mrefu mmoja hukitesa kifundo cha mkono, kwani uzito wote unaning'inia mbele. Sufuria yenye masikio mawili mapana, ambayo vidole vyote vinapita pamoja na kitambaa, hugawa uzito kati ya mikono miwili.

Kanuni ya nne ni wenzo mrefu. Anayefungua nati kwa spana ya sentimita 20 hutumia nusu ya nguvu ya yule mwenye spana ya sentimita 10. Jikoni ni vivyo hivyo. Bomba la maji lenye mkono wa kusukuma hufunguliwa hata kwa kiwiko, lakini lile la kuzungusha kwa vidole hugeuka adui. Koleo la makaa lenye mikono mirefu huminywa kwa urahisi kuliko lile fupi.

CHOMBO KIMOJA KIMOJA

Kisu. Wengi hudhani kwamba mtu mwenye mikono dhaifu apewe kisu butu ili asijikate. Hilo ni kosa. Kisu butu hutaka nguvu, na penye nguvu nyingi kisu huteleza. Kisu kiwe kikali, kifupi kiasi, chenye mpini mnene. Ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ukizungushwa mara kadhaa na kukazwa vizuri, huunenepesha mpini kwa gharama ndogo. Uoshwe vema kila siku, ubadilishwe ukianza kuchakaa, na usikaribie moto, maana mpira huyeyuka na kutoa harufu mbaya.

Ubao wa kukatia. Fundi seremala apigilie katika ubao misumari miwili safi isiyoshika kutu, ncha zikitokeza juu kwa sentimita 3 hivi. Muhogo, ndizi au kitunguu huchomekwa hapo, kikasimama imara, na mtu akamenya kwa mkono mmoja. Pembeni mwa ubao apige vipande viwili vya mbao virefu kidogo, ili mkate au nyanya iegemezwe isikimbie. Kazi ikiisha, misumari ifunikwe kwa vizibo, watoto wasije wakaumia.

Mwiko na ugali. Hakuna kazi inayotaka nguvu jikoni kama kusonga ugali wa muhogo. Mwiko uwe mrefu, wenye mpini mnene, nao ushikwe kwa mikono miwili kama kasia la mvuvi wa Ziwa Tanganyika, ili mabega yasukume badala ya vidole. Ugali wa watu 8 upikwe mara mbili, kila mara wa watu 4. Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka vyuma vitatu vilivyosimama ukingoni mwa mbabura, vikaikumbatia sufuria isizunguke. Mbabura yenyewe iwe na kitako kipana, isije ikapinduka.

Kinu. Kutwanga sombe kwa mchi ni kazi ya mtu mzima mwenye afya. Asiyeweza na asijitese, kwani yako majani ya muhogo yanayouzwa yakiwa yamekwisha twangwa au kusagwa. Lakini urahisi huo usimfanye mpishi afupishe muda wa moto. Majani ya muhogo yana sumu ya asili ambayo huondolewa kwa kuyatwanga na kuyachemsha sana bila kufunika mwanzoni.

Maji. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, mzigo usiofaa hata kidogo kwa viungo vilivyovimba. Maji yagawanywe katika vidumu vya lita 5, au yawekwe katika ndoo yenye bomba dogo juu ya stuli, mtu akinge bila kuinua chochote. Mafuta ya mawese nayo yamiminwe katika chupa ndogo badala ya kupigana na bidoni kubwa kila siku.

Kumwaga maji ya moto. Hapa ndipo ajali nyingi hutokea. Chakula kama ndizi au viazi kiwekwe ndani ya kikapu cha waya kabla ya kuingizwa katika sufuria. Kikiiva, huinuliwa kikapu tu, na maji hubaki mahali pake mpaka yapoe. Mchuzi na utekwe kwa upawa, usimiminwe. Maharage yalowekwe usiku kucha, nayo yataiva upesi na kupunguza kazi ya kuongeza maji na kuchochea makaa.

Chupa na makopo. Kifuniko kilichokaza huvunjwa ukaidi wake kwa kupenyeza mpini wa kijiko ukingoni mpaka hewa iingie, kisha hushikwa kwa kipande cha mpira. Chupa yenyewe iwekwe juu ya kitambaa kilicholowa ili isizunguke. Sukari, chumvi na majani ya chai vihifadhiwe katika vyombo vya kifuniko cha kuinua, si cha kuzungusha. Kwa chai, chupa ya moto ya kubonyeza kwa kiganja ni bora kuliko ile ya kuinamisha.

Sufuria ya mvuke. Hiyo huokoa muda na makaa, lakini mifuniko mingi ya aina hiyo hutaka nguvu na uangalifu. Mtu asiyeweza kuifunga barabara asiitumie akiwa peke yake.

SOKONI NA KWA FUNDI

Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wanunuzi wamezoea kwenda katika masoko mengine, mathalani Ruvumera huko Buyenzi. Popote aendako, atakayetumia chombo aende mwenyewe, asimtume mtoto. Mkono wa mtu mwingine haumjui mgonjwa.

Akifika, asione haya kujaribu. Ashike chombo na kuhesabu pole pole mpaka 20. Akihisi maumivu kabla ya kumaliza, akirudishe. Aombe sufuria itiwe maji kidogo kisha ainue kwa mikono miwili. Afungue na kufunga kifuniko mara tatu, kwa maana mara ya kwanza hudanganya. Atazame kama masikio ya sufuria yamefungwa kwa ribiti madhubuti, na kama kuna nafasi ya vidole na kitambaa. Mwuzaji akinung'unika, na anung'unike. Fedha ya mnunuzi ni ya mnunuzi.

Kisicho sokoni kitafutwe kwa fundi. Buyenzi ni mtaa wa gereji na mafundi, na mtu anayeweza kunyoosha mlango wa gari hashindwi kuchomelea sikio la sufuria. Jambo la maana ni kumweleza vizuri, na ikiwezekana kumwonyesha mkono wenyewe, apime unene wa mpini kwa macho yake.

MKONO USIOSIKIA MOTO

Wako watu ambao udhaifu wao umefuatana na ganzi: waliougua ukoma, au waliokatwa mishipa ya fahamu kwa jeraha. Hao wana hatari ya pekee, kwani maumivu ni mlinzi, nao mlinzi wao amelala. Huweza kushika sikio la sufuria lililo moto na kugundua jeraha jioni. Kwao mipini yote na iwe ya mbao, vitambaa vya kushikia viwe vinene na vikavu, na mikono itazamwe kila siku mbele ya mwanga kabla ya kulala. Kidonda kidogo kikipuuzwa huweza kugharimu kidole.

CHOMBO SI DAWA

Chombo kizuri hakiondoi wajibu wa kwenda hospitali. Viungo vikivimba, hasa vya mikono yote miwili, na kukakamaa zaidi ya saa moja kila asubuhi, yafaa daktari aone mapema, kwani iko aina ya baridi yabisi ambayo hukunja vidole isipozuiwa kwa dawa. Vidole vinavyopata ganzi usiku mara kwa mara huenda vina mshipa uliobanwa kwenye kifundo. Na mkono ukilegea ghafla, pamoja na uso kwenda upande au ulimi kuwa mzito, asingojewe mganga wala kulipambazuke: hicho ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.

KAZI YA NYUMBA NZIMA

Askari anayerudi nyumbani hupenda kukuta chakula tayari. Lakini kuna kazi ambazo kwa mikono yake huchukua dakika 5, nazo kwa mikono ya mkewe au mama yake huchukua nusu saa ya maumivu: kujaza vidumu, kunoa kisu, kufungua bidoni mpya ya mafuta, kuvunja makaa makubwa. Kazi hizo zikifanywa kabla ya zamu, mpishi hubakiwa na nguvu ya kupika. Heshima ya mume haipungui kwa kunoa kisu.

Yule mama wa Buyenzi hakunyang'anywa mwiko. Mzee alikwenda kwa fundi akarudi na mbabura yenye vyuma vitatu. Mwana akafunga mipini ya visu kwa mpira wa baiskeli. Binti alimpeleka hospitali, akapewa dawa na mazoezi ya vidole. Kopo la sukari likapata kifuniko kingine, na maharage sasa huinjikwa na mzee mwenyewe, ambaye hulalamika kila siku kwamba sufuria ni nzito.

Siku ya kwanza ugali uliposimama tena katika sahani, binti alimega, akatafuna, akatabasamu.

"Mama, unga umekuwa mzuri."

"Unga ulikuwa mzuri siku zote," alijibu mama.